Bad Brains kwenye sabufa yangu, Ujiji

Mpwa wangu alishuka na treni kutoka Dar, mkononi ana flashi. "Mjomba, si wewe ni mtu wa rege? Sikiliza hawa." Nikachomeka kwenye sabufa ya kibandani hapa Ujiji. Hata sekunde kumi hazijaisha, nikainuka kukagua waya. Nilidhani spika imepasuka.

Kumbe ndivyo albamu ya kwanza ya Bad Brains inavyolia. Ni vijana weusi wanne wa Washington, marasta, na kazi hii waliitoa mwaka 1982 kwa kaseti tu, jalada la njano lenye radi inayopiga kuba la bunge la Marekani. Gitaa linakwaruza kama msumeno kwenye bati. H.R., mwimbaji, anabweka, mara anapaa juu huko kama anayefukuzwa. Nyimbo nyingi za kasi hazifiki dakika mbili: mteja alinipa elfu kumi ya vocha, "Attitude" ikaanza na kuisha sijamaliza kumhesabia chenji.

Kwa mtu aliyezoea singeli, kasi hiyo si kitu cha kumtisha. Mimi kilichonikamata ni ufundi uliojificha kwenye kelele. Hawa walitokea kwenye jazi kabla ya kuingia panki, yaani roki ya kasi na kelele, na ukitega sikio kwenye ngoma za Earl Hudson utaelewa: anakimbia, anafunga breki, wote wanne wanasimama papo hapo, kisha wanachomoka tena pamoja. Sauti imerekodiwa mbichi, mikono imeiva. Bendi nyingine za mbio nilizotafuta baadaye zimenichosha upesi, kila mtu anakimbia na njia yake.

Halafu, katikati ya vurugu, inaingia "Leaving Babylon". Rege ya polepole, besi nzito, mwangwi. Jirani yangu muuza dagaa, aliyekwisha kumtuma mtoto mara mbili aje kuniambia nipunguze, akachungulia mwenyewe. "Sasa huo ndio muziki. Yale mengine yalikuwa nini, baba?"

Maneno ya zile za kasi sikuyashika, hata baada ya kurudia. Na rege ni tatu tu kati ya nyimbo 15, mimi ningeongezewa. Ukitumia sabufa, shusha besi, la sivyo gitaa linazama lote.

Mpwa anadai flashi yake tangu wiki iliyopita. Namwambia bado naikopi.