Ada ya kujifunza lori: ipi inarudi, ipi inapotea

Kabla hujatoa hela, wapigie simu wenye malori watatu ambao ungependa kuwafanyia kazi. Waulize swali moja tu: mtu aliyemaliza mafunzo juzi, hana uzoefu wowote, mnampa gari? Wengi watakujibu hapana, na wala si roho mbaya. Bima ndiyo inayowabana. Mara nyingi hutaka dereva wa gari kubwa awe amefikisha umri fulani na amekaa barabarani miaka kadhaa na gari la aina hiyo, la sivyo haimkubali, au inamkubali kwa bei inayomfanya tajiri atafute mtu mwingine. Cheti chako, hata kiwe na mhuri wa dhahabu, hakiondoi sharti hilo. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakupa usukani ukishamaliza. Uzuri wa shule unakuja baada ya hapo.

Nimeendesha semi, yaani lori la kichwa kinachovuta tela, kwa miaka mingi, na siku hizi kazi yangu ni kuwajaribu madereva wapya yadini kabla hawajakabidhiwa funguo. Hapo ndipo ninapoona hela ya ada imekwenda wapi.

Alikuja kijana mmoja, cheti kimetunzwa kwenye faili la plastiki kama hati ya nyumba. Nikamwambia arudishe tela katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa. Akakata usukani kulia akitaka mkia uende kulia, mkia ukaenda kushoto. Akashtuka, akauzungusha wote upande wa pili, kichwa na tela vikakunjana kama kiwiko. Nikamsimamisha kabla hajavunja taa. Nikamuuliza, chuoni ulipiga rivasi mara ngapi? "Mara mbili, mzee. Tulikuwa sita kwenye gari moja."

Mwezi uleule akaja mama mmoja aliyekuwa karani wa ghala. Nafasi ileile, tela lilelile. Alirudi nusu, akasimama, akafunga breki ya kuegesha, akashuka, akazunguka hadi nyuma, akatazama, akapanda tena. Alishuka mara tatu. Vijana wa yadi walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nimeshaandika jina lake, maana dereva anayeshuka kutazama hagongi kuta za watu.

Wote wawili walilipa ada. Walichotofautiana ni saa za usukani, na hicho ndicho unachokinunua kwa kweli. Usichanganye saa za usukani na saa za kozi. Katika Umoja wa Ulaya, sifa kamili ya awali ya dereva wa kazi ni saa 280 za mafunzo, lakini saa ambazo mwanafunzi lazima aendeshe yeye mwenyewe ni 20 tu. Ipo pia njia ya mkato yenye saa 140, na za kuendesha ni 10. Marekani, tangu Februari 7, 2022, anayeomba leseni ya gari kubwa kwa mara ya kwanza lazima apite kwa mtoa mafunzo aliyesajiliwa na serikali kuu, na nadharia aipate kwa asilimia 80 au zaidi. Saa za usukani, hata hivyo, kanuni haikuziwekea kiwango cha chini. Mkufunzi ndiye anayeamua kwamba sasa unaweza. Maana yake shule mbili zinaweza kuwa halali sawasawa, moja ikakutoa dereva na nyingine ikakutoa abiria mwenye leseni.

Basi usilinganishe ada kwa ada. Gawanya. Tuseme, kwa hela yoyote ile, shule moja inatoza 100 na inakupa saa 8 za kuendesha wewe mwenyewe: kila saa umeinunua kwa 12 na nusu. Nyingine inatoza 160 na inakupa saa 32: kila saa ni 5. Ile "ya bei nafuu" ni ghali zaidi ya mara mbili. Na wakikwambia "saa 30 ndani ya gari", uliza mnakuwa wangapi. Mkiwa watano, zako ni 6, zilizobaki umekaa nyuma unatazama kisogo cha mwenzako.

Sasa njia zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni mwajiri anayekufundisha kwa mkataba. Kampuni inalipa mafunzo, wewe unaahidi kuitumikia kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Naiweka juu kwa sababu lile swali la bima limejibiwa tayari, na kwa sababu utafundishwa na gari lenye mzigo. Tela tupu na tela lenye tani 25 ni wanyama wawili tofauti. Tupu linaruka ukishika breki kwa nguvu. Lililojaa linakusukuma mteremkoni kana kwamba lina haraka kuliko wewe.

Ila mkataba huo usome neno kwa neno, tena usiusome mbele ya anayekusubiri utie sahihi. Tafuta mambo manne. Deni la mafunzo linapungua kila mwezi unaofanya kazi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Ukiondoka ukiwa umebakiza mwezi mmoja, kudaiwa ada yote ni kamba ya shingo. Wakikufukuza wao, unadaiwa? Wakati wa mafunzo unalipwa chochote? Na kiasi wanachosema wametumia kwako kinalingana na ada ya shule za kawaida, au wamekiongeza? Nimewahi kuona mkataba ambao deni lake lilikaribia mara mbili ya ada ya shule ya jirani. Mwenye mkataba alisaini kwa sababu kalamu ilikuwa mezani.

Ya pili ni chuo cha ufundi cha umma, kama kipo karibu na kinachukua watu. Ada huwa ya chini, foleni ndefu, na magari mara nyingi ya zamani. Usiyadharau magari hayo. Gari bovubovu linakufundisha kusikiliza.

Ya tatu ni shule binafsi yenye kozi kamili, na hapa ndipo watu wengi wanapotoa hela yao, kwa sababu unaanza wiki ijayo. Zipo nzuri sana. Zipo pia zinazokodi lori moja na kulipitisha kwa wanafunzi arobaini. Usizitegemee sifa za tangazo. Dai waandike kwenye risiti au mkataba saa zako mwenyewe za usukani, idadi ya majaribio ya mtihani yaliyomo kwenye ada, na kinachotokea gari likiharibika katikati ya kozi. Ikiwa wanakataa kuandika, wameshakujibu. Uliza pia gari la mtihani ni la gia za mkono au otomatiki. Marekani, ukifanya mtihani na otomatiki, leseni inawekewa kizuizi: gari la gia za mkono huruhusiwi kuliendesha. Sehemu nyingine zina sheria zake, kwa hiyo iulize kabla ya kulipa.

Ya nne ni kuanzia utingo: unakaa na dereva mzoefu, unafunga turubai, unabadilisha tairi, na pole pole anakufundisha. Ingawa nimeiweka ya nne, mimi mwenyewe nilipita humo. Utajua mizigo, utajua nyaraka, utajua kulala nusu saa ukaamka mzima. Ubaya wake ni kwamba unarithi pia dhambi za mwalimu. Aliyenifundisha alikuwa akishuka mteremko mrefu anaweka gia huru ili kuokoa mafuta. Ukifanya hivyo injini haishikilii tena gari, uzito wote unahamia kwenye breki, breki zinachemka, na zikichemka mguu unakanyaga lakini gari halina habari. Gia ya kushukia huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka. Katikati ya mlima umeshachelewa. Hilo nilikuja kulijifunza darasani, nikiwa na miaka mitatu ya utingo. Tena hakikisha una kibali cha mwanafunzi na msimamizi anayekubalika kisheria kabla hujagusa usukani barabarani. Ajali ya mtu asiye na kibali bima yake inaweza kukataa kuilipa.

Ukiniuliza ningemshauri nini mdogo wangu asiye na mtaji, ningemwambia achanganye: mwaka mmoja utingo, kisha kozi fupi yenye saa nyingi za usukani. Anaingia darasani akijua maswali ya kuuliza.

Za mwisho ni kozi za siku chache zinazoahidi mtihani kwa uhakika. Wanakukaririsha njia ya mtihani na koni za uwanja uleule. Ukihamishwa uwanja, akili nayo inahama. Mafunzo ya intaneti nayo ni mazuri kwa alama za barabarani na sheria za saa za kazi, lakini usiyalipie ukidhani umelipia udereva.

Je, hela inarudi? Piga hesabu hii kwa karatasi. Jumlisha ada, uchunguzi wa afya, leseni na mtihani, halafu jumlisha kipato utakachokosa ukiwa darasani, ambacho watu hukisahau. Mfano: ada 100, leseni na vipimo 20, na kwa sasa unapata 40 kwa mwezi, utakaa miezi miwili bila kipato, hiyo ni 80. Jumla 200. Dereva mpya analipwa 60, umeongeza 20 kwa mwezi. Inarudi kwa miezi 10. Lakini ukikaa miezi mitatu mingine unatafuta kazi, ongeza 120, sasa ni miezi 16. Ndiyo maana nilianza na simu tatu. Na uchunguzi wa macho, sukari na presha ufanye kwanza, kabla ya ada. Nimeona mtu amemaliza kozi nzima halafu daktari akamzuia.

Ukishachagua shule, nenda asubuhi bila taarifa, simama nje ya uzio. Hesabu wanafunzi kwa kila gari. Tazama tairi za tela, maana shule nyingi huremba kichwa na kusahau mkia. Halafu mtazame mwalimu kabla hawajaondoka. Anayejua kazi atamwambia mwanafunzi awashe gari, asubiri jeji ya upepo unaoendesha breki ipande hadi kama bari 8 (bari ni kipimo cha msukumo wa upepo), azime injini, akanyage breki aishikilie, na asikilize kama kuna hosi inayovuja. Kisha ataifungua swichi na kumwacha apampu breki hadi upepo ushuke, taa na king'ora viwake kwenye bari 4 au 5, na aone breki za springi, zile za kuegesha, zikijifunga zenyewe upepo ukizidi kuisha. Inachukua dakika chache. Kama gari la kwanza limetoka getini bila hayo, na la pili vilevile, rudi nyumbani na hela yako mfukoni.