Santuri yangu ya 1986 na kile kisu cha pale kaunta

Nimengoja siku kadhaa kabla ya kuandika haya, nikidhani hasira zitashuka. Hazijashuka. Kila nikiiweka hii santuri kwenye mashine nasikia tik, tik, tik, na kila tik inaniletea sura ya yule kijana wa kaunta, anatafuna chingamu, kisu mkononi, ananiangalia kama mtu aliyekuja kumkopa hela. Basi nianze na la mwisho: kama uko Nairobi na unaagiza santuri kutoka ng'ambo, ile kampuni ya vifurushi iepuke kabisa. Jina silitaji, maana madai yangu bado yako mezani kwao. Nyota nawapa sifuri. Nitaeleza, na huko mbele mtaona mahali ambapo hiyo sifuri inanisumbua.

Santuri yenyewe ni Radioactive Earslaughter ya 1986. Upande mmoja Extreme Noise Terror wa Ipswich, upande wa pili Chaos U.K. wa kule karibu na Bristol. Ni nakala ya wakati ule ule, si ya kurudiwa. Nimeitafuta miaka. Wako watakaosema hii si graindikoo halisi, yaani ule muziki wa gitaa zito, ngoma za kasi na mayowe, ni panki iliyochafuka tu. Semeni. Mimi nasikia waimbaji wawili wakipokezana, mmoja ananguruma, mwenzake anapasua koo, gitaa linavuma kama posho mili, ngoma inakimbia mbele ya kila mtu, na najua fika nasikia mlango ambao wengine wengi walipitia baadaye. Mick Harris wa Napalm Death, bendi nyingine ya Uingereza, yule yule anayetajwa kuwa ndiye aliyeupa muziki huu jina lake, alikuja kuwapigia ngoma hawa Extreme Noise Terror. Kwa hiyo tusianze kugombania mipaka.

Kwa asiyejua, spliti ni santuri moja ya bendi mbili: wewe una upande wako, mimi nina wangu. Kwenye graindikoo hayo hayakuwa mapambo, yalikuwa njia ya kuishi. Kutoa santuri ni pesa, na vijana wanne wasio na kazi hawana hela ya studio ya kujaza pande mbili, seuze ya kulipa kiwanda. Wakishikana na wenzao, gharama inagawanyika, kila bendi inachukua katoni zake ikauze kwao, na aliyenunua kwa ajili ya hawa anaondoka amewasikia na wale. Ni harambee kamili. Agathocles wa Ubelgiji, walioanza 1985, wamezitoa nyingi mno, na ukiamua kuzikusanya zote utauza mpaka kitanda. Hata Scum ya Napalm Death, ya 1987, mimi huihesabu kama spliti ya bendi moja na nafsi yake: upande wa kwanza watu wengine, upande wa pili watu wengine, na aliyebaki pande zote mbili ni Mick Harris peke yake.

Niliingilia mlango gani mimi? Duma. Ile albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes wa Kampala, iliniondoa kwenye kiti. Vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na jina lenyewe la Kikikuyu, maana yake giza. Sikuwahi kufikiri sauti kama ile inaweza kutoka katika mji huu ninaopandia matatu. Kutoka hapo nikarudi nyuma kutafuta ilikotoka, nikafika Uingereza ya miaka ya themanini, na nikafika kwenye hii santuri. Nayaeleza haya kwa sababu yana uhusiano na maneno niliyoambiwa pale kaunta.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Nilipata ujumbe kwamba mzigo umefika, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda na mfuko mkubwa wa plastiki ili usilowe. Nimelipia elfu tisa na kitu pamoja na usafiri, na hapo bado ushuru. Foleni saa nzima. Nilipofika mbele nikaliona katoni langu, bapa, safi, kona zote nne zimenyooka. Niliwashukuru moyoni, wallahi. Nikasema kumbe watu hawa ni waungwana.

Kijana akauliza, "Boss, hii ni nini?"

Nikamwambia santuri.

"Ya nini?"

Ya kusikiliza. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Kisha akasema lazima ifunguliwe, ikaguliwe. Sawa, sheria ni sheria. Nikamwomba kwa adabu, nikasema ndugu yangu, niachie nifungue mwenyewe mbele yako, hicho kitu kinakwaruzika. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono. Hakujibu. Alikisukuma kile kisu cha kukatia katoni, wembe wake ukatoka wote, na nasisitiza, wote, si ncha tu, akauzamisha katikati ya katoni, si pembeni kwenye selotepu, akauvuta kuelekea kwake kama mtu anayepasua samaki. Nilisikia sauti yake. Kadibodi ina sauti moja na plastiki ngumu ina nyingine, na mimi nilizisikia zote mbili zikifuatana.

Akaitoa kwa vidole, dole gumba limekaa katikati ya mifereji, mkono una mafuta ya chipsi. Akaigeuza. Akasoma jalada, akaona ile michoro, akatikisa kichwa.

"Na si ungesikiza tu kwa simu? Hizi ni vitu za wazungu za shetani, na unalipa pesa hivi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Sikucheka. Nilimwambia wako vijana wa hapa hapa Nairobi wanaupiga muziki huu hadi Ulaya, na Lord Spikeheart, ambaye ndiye huyo Khanja wa Duma, albamu yake ya 2024 aliitoa kwa heshima ya nyanya-mkuu wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Sasa shetani gani na mzungu gani? Alinisukumia fomu nitie sahihi, akaita, "Anayefuata." Nikatia sahihi. Hapo nilikosea, nilipaswa kukagua kwanza, lakini mikono ilikuwa inatetemeka na nilitaka kuitoa santuri yangu mahali pale.

Nyumbani niliiinua chini ya taa. Mkwaruzo umeanzia ukingoni, upande wa Extreme Noise Terror, ukaingia ndani kwa mshazari, urefu wa kidole changu cha shahada. Mweupe. Ukipitisha ukucha, unakwama.

Mkwaruzo wa namna hii, sindano huugonga mara moja kila mzunguko. Kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ni tik moja kila sekunde 1.8. Nimekaa sakafuni na saa ya simu nikahesabu, ndivyo ilivyo. Kuna wimbo wa Napalm Death, You Suffer, wa sekunde 1.316, uliomo kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa ufupi wake. Mwaka 1989 Earache, kampuni yao ya kutoa santuri, waliutoa pia kwenye santuri ndogo ya kugawa bure, na upande wa pili bendi ya Electro Hippies, wimbo wao nao kama sekunde moja tu. Wimbo kama ule ungepita salama katikati ya tik mbili zangu bila kuguswa. Nyimbo za hawa wangu ni fupi, lakini si fupi kiasi hicho. Kila mmoja unaodondokea kwenye kile kipande unachomwa tena na tena mpaka mwisho, na kuna mahali sindano inashindwa kabisa, inarudi nyuma, inarudia neno lile lile mpaka uinuke uende uisukume.

Usiku huo nilimwandikia muuzaji, bwana mmoja wa Uingereza, barua mbaya. Nilimlaumu kwa katoni lake, nilimlaumu kwa kuitoa santuri nje ya jalada lake na kuiweka nyuma yake kwenye mfuko wa karatasi peke yake. Nikaahidi kumtangaza kila mahali. Asubuhi nikalivuta lile katoni kutoka chini ya kitanda ili nilipige picha za ushahidi, na ndipo nilipoona. Alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa, kwa Kiingereza: santuri iko ndani, msitumie kisu. Kile kisu kilikuwa kimepita katikati ya maneno hayo. Herufi zimekatika juu na chini.

Na kuhusu kuitoa nje ya jalada, nayajua hayo, ni hasira tu zilinisahaulisha. Santuri ikisafiri ndani ya jalada inasukumwa kila katoni likitupwa, inapasua mshono. Muuzaji anayejua kazi huzitenganisha. Alikuwa amezitenganisha, ameweka na kadibodi mbili za kukinga, mbele na nyuma. Jalada langu limefika zima, mshono wote uko sawa. Nilimwandikia tena kumwomba radhi. Alijibu siku hiyo hiyo, bila kinyongo, akanirudishia sehemu ya pesa ambayo sikuwa nimeiomba. Kwake nyota tano, na nitanunua tena.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba. Nilirudi pale kwenye kampuni na madai yangu. Msichana wa huduma kwa wateja akaniambia nilitia sahihi, mzigo ulipokelewa ukiwa mzuri, na pengine santuri ilikwaruzika njiani au ilitoka hivyo huko huko. Nilipaza sauti. Sijivunii, lakini nilipaza. Akatoka nyuma mzee mmoja mwenye dastikoti la buluu, wa kupanga mizigo, akauliza kelele ni za nini. Akaniambia, "Lete nione, kijana."

Kwanza alijifuta mikono kwenye dastikoti, mbele na nyuma. Kisha akaipokea santuri kwa viganja, ukingo huku na ukingo kule, hakuna kidole hata kimoja kilichogusa mifereji. Akaiinamisha kwenye mwanga wa taa ya dari, akaufuata ule mkwaruzo kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Nilinyamaza mwenyewe. Akasema baba yake alikuwa na za Daudi Kabaka, zile ndogo za inchi saba, na mtoto aliyezishika katikati alikuwa akichapwa.

"Hii si safari," akamwambia yule msichana. "Safari haichori mstari hivi. Hiki ni kisu. Andika ni kisu, mimi nitatia sahihi."

Msichana akamwangalia. Akamwuliza, mzee, una uhakika? Akasema ana uhakika. Na akatia sahihi, jina lake kamili, kwenye fomu ya kampuni inayomlipa mshahara, kwa ajili ya mtu asiyemjua na muziki ambao sidhani angeuvumilia hata dakika moja.

Basi niambieni, nawapa nyota ngapi? Nikisema sifuri, namweka mzee huyu kapu moja na yule wa chingamu. Nikisema tatu, nadanganya, maana anayekufungulia mzigo si mzee, ni yule mwingine, na kisu bado anacho. Nilikuwa nimefika hadi mbili nilipokuwa narudi nyumbani. Nikaweka santuri, nikasikia tik, nikarudi sifuri.

Jambo lingine, na sitaki mtu alichukue kama msamaha. Upande wa Chaos U.K. hauna hata alama. Mimi zamani nyimbo zao nilikuwa nazisikiliza mara moja moja kwenye simu, kwa heshima tu, niwarukie wengine. Sasa ndio upande ninaoweza kuusikiliza bila kuinuka. Nimeusikiliza kila jioni tangu siku ile. Lile besi lao lililotiwa kutu, ule mvumo unaofunika kila kitu hadi unaanza kusikia nyimbo ndani yake kama unavyosikia watu wakiongea nyuma ya mvua kwenye mabati, sikuwa nimeusikia kabisa. Ni mzuri sana. Bado nataka upande wangu wa pili.

Leo wamenipigia. Wanataka nipeleke risiti ya malipo na santuri yenyewe "kwa ukaguzi zaidi". Nitakwenda asubuhi. Risiti nitawaachia. Santuri haitoki kwenye mfuko wake mpaka waniitie yule mzee wa dastikoti.