Usiku sita Mombasa, hoteli tatu: uzoefu wangu

Mimi ni mzaliwa wa Kongowea, na mpaka Agosti iliyopita sikuwahi kutoa hata shilingi kwa ajili ya kulala Mombasa. Nikishuka pwani hufikia kwa mama mdogo, basi. Safari hii binti yake alikuwa anaolewa, nyumba imejaa wageni kutoka Lamu na Malindi, watu wamelazwa hadi ukumbini. Nami nilikuwa na mama, ambaye goti lake halimpi raha, na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12. Ikabidi nitafute hoteli katika mji wangu mwenyewe kama mgeni. Majina ya hoteli nayaacha, maana aina hizi tatu utazikuta kwenye mabango mengi.

Ya kwanza ilikuwa Nyali, yenye kasino upande wa chini. Niliichagua kwa picha na kwa bei: shilingi 11,000 kwa usiku, chumba cha watu wanne, pamoja na kiamsha kinywa. Tulikuja kwa treni ya alasiri. Stesheni iko Miritini, kwa hiyo bado una safari ya Changamwe, Makupa, Buxton na Daraja la Nyali kabla hujauona mlango wa hoteli. Tukafika saa tatu na nusu usiku, watoto wamechoka, na hapo nikaishukuru hoteli ile kwa dhati. Mapokezi yana watu, taa zote zinawaka, walinzi wamelikagua gari kwa kioo mpaka chini ya uvungu, lifti inafanya kazi, jiko liko wazi. Saa nne na nusu wanangu walikuwa wanakula kuku na chipsi za moto. Hoteli nyingi za pwani wakati huo ungepewa biskuti.

Kumbe jiko lile halikuwa wazi kwa ajili yetu. Kufika saa sita ndipo hoteli ilipoanza siku yake. Chumba chetu kilitazama maegesho, na magari yaliingia na kutoka mpaka alfajiri: milango inabamizwa, aliyepata anacheka kwa sauti, aliyekosa anagombana na simu. Muziki wa baa ulipanda kwa ngazi na harufu ya sigara ikapita chini ya mlango. Mama alikaa kitandani na tasbihi yake mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi saa mbili tulishuka kula tukakuta meza hazijafutwa, na mayai yakachukua dakika arobaini. Sikumlaumu mhudumu. Kijana alikuwa kazini tangu jana jioni, macho yamemwiva.

Nilipokwenda mapokezi kueleza, dada wa pale alinijibu kwa upole: "Pole sana, dada. Ungepiga simu ukasema una mama na watoto, ningekuweka upande wa bustani." Alituhamisha, na usiku wa pili tulilala vizuri. Hoteli ile ile, bei ile ile, sakafu ile ile, ila dirisha limegeukia miti. Jambo moja tu halikuwa na dawa. Njia ya kwenda kidimbwini ilipita mbele ya mlango wa kasino, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia mle. Mlinzi alifanya kazi yake sawasawa, lakini kila wanangu walipotaka kuogelea ilinibidi niwasindikize. Mapumziko ya hivyo yanachosha.

Nimewahi kusoma kuhusu Las Vegas, ambako kamari imehalalishwa tangu 1931 na hoteli kubwa zimejengwa kuizunguka kasino, hata kufika chumbani kwako mara nyingi ni lazima upite katikati ya mashine. Mombasa hatujafika huko. Kwetu kasino ni ukumbi mmoja ndani ya hoteli au kando yake, na mtu anaweza kukaa siku tatu asiingie. Lakini ukumbi huo mmoja hupanga ratiba ya nyumba nzima: nani analala, nani anakesha, jiko linawasha moto saa ngapi. Kwa mtu anayeshuka na ndege ya usiku, au aliyekuja kikazi na hurudi chumbani saa saba, hoteli ya namna hii ni nzuri kweli na ningempeleka mwenyewe. Mwenye mzee na watoto aulize kwanza.

Ya pili ilikuwa Bamburi, ufukweni kabisa, usiku tatu. Hapa bei ilinipa somo jingine. Nilitajiwa 9,000 kwa mtu mzima, kulala na kula mara mbili, nikapiga hesabu yangu. Kufika, nikaambiwa bei ile ni kabla ya kodi: ongeza VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kodi ni halali na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama na mabegi. Nawasihi ndugu zangu mnaoweka nafasi kwa simu: ombeni bei ya mwisho, iandikwe kwenye ujumbe, ndipo mtume amana kwa M-Pesa.

Picha za hoteli ile zilionyesha maji ya buluu yanayogusa ngazi za bustani. Wanangu waliamka, wakavaa nguo za kuogelea, wakakimbia saa nne asubuhi. Bahari haikuwapo. Ilikuwa imepwa mpaka karibu na mwamba, na pwani imetandazwa mwani mweusi wenye harufu. Mwanangu mdogo alitaka kulia. Mzee mmoja aliyekuwa akiukusanya mwani kwa reki alimwita: "Njoo, mjukuu wangu. Mwezi ulikuwa mpevu jana. Haya ni maji ya bamvua, yakitoka yanatoka kweli, na yakirudi yanarudi kweli. Njoo saa kumi." Saa kumi maji yalikuwa yanapiga ukuta, na watoto hawakutoka mpaka jua linazama.

Niliona haya, kwa sababu haya mambo nimekua nayo. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu maji hupwa sana saa nne na saa tano za asubuhi, na kujaa alasiri. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi ndiyo yamejaa, na bahari haiendi mbali. Kila siku saa husogea mbele kiasi cha dakika hamsini. Na upepo nao una lake. Agosti ni kusi, ndio unaoleta mwani ufukweni na kuyachafua maji. Picha za maji maangavu hupigwa wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, pale bei nazo zinapopanda. Anayekuja kwa ajili ya kuogelea baharini, atazame mwezi kabla ya kutazama nyota za hoteli. Wa kusi asiache kuja, kwa kuwa hewa ni ya baridi kidogo na usiku unalala bila kiyoyozi, ila ahakikishe kidimbwi ni kizuri.

Maji ya bafuni yalikuwa ya chumvi, ya kisima, sabuni haitoi povu hata uisugue vipi. Pwani hii tatizo la maji ni la wengi na hoteli haina hila. Mama, ambaye nywele zake ni nyingi, tulimnunulia maji matamu ya mtungi akaogea.

Chakula kilikuwa kingi, na hapo ndipo moyo uliniuma zaidi. Siku tatu tulipewa tambi, viazi vya kuponda, soseji. Biriani ilipikwa usiku mmoja, ikaitwa usiku wa Kiswahili, wali umepakwa rangi bila masala kuingia. Nje ya lango, hatua chache tu, mama mmoja alikuwa anauza viazi karai na ukwaju, na kijana anachanja madafu. Wageni wa ndani, wamevikwa bangili za plastiki, hawatoki kwa kuwa chakula wamekwisha kulipia. Jikoni mle wapishi ni wa Kisauni na Likoni, nyumbani kwao wanapika samaki wa kupaka wa kukumbukwa. Naomba wenye hoteli wawaachie wapike.

Wahudumu, hata hivyo, sijaona mfano wao. Walijua jina la mama tangu siku ya kwanza na kila asubuhi wakamsogezea kiti mahali pasipo na jua.

Usiku wa mwisho tulilala Mji wa Kale, nyumba ya zamani iliyogeuzwa ya wageni, shilingi 4,500. Safari hii nilipiga simu kwanza na kuuliza kila kitu. Nikaambiwa lifti hakuna, ngazi ni za mwinuko, lakini chumba kimoja kiko chini. Nikakichukua hapo hapo. Kuta ni nene, pangaboi linazunguka polepole, chandarua kisafi. Saa tatu usiku mtaa ulikwisha tulia. Asubuhi tuliletewa mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye iliki, kisha tukatembea taratibu mpaka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Mwanangu mkubwa alisoma kibao kinachosema UNESCO, akauliza kwa nini hatukuanzia huku. Kidimbwi hakuna, maegesho ni ya shida, na gari la mizigo haliingii uchochoroni. Mama alilala saa nane mfululizo.

Desemba tunarudi. Nimekwisha zungumza na hoteli ya Bamburi: bei pamoja na kodi, chumba cha chini mbali na jukwaa la muziki, na tarehe nimezipanga kwa maji mafu ili watoto waogelee asubuhi. Niliuliza pia kama kuna kasino au klabu jirani na dirisha letu linatazama wapi. Aliyepokea simu alicheka, akasema subiri, akatoka nje kwenda kuangalia, akarudi kunijibu: mnazi na ukuta. Mama amesema sisi twende na bahari yetu, yeye awekewe kile chumba cha chini Mji wa Kale.