Tahadhari: vinyago vya "mpingo" vilivyopakwa dawa ya viatu

Ndugu zangu, kama kuna anayetaka kununua kinyago cha Kimakonde kwa kuona picha kwenye simu, naomba asome hii kabla hajatuma hela.

Baba yetu mkubwa amestaafu mwezi uliopita. Ni mzaliwa wa Newala, amekulia pembeni ya wachongaji, kwa hiyo wanafamilia tukakubaliana safari hii zawadi isiwe saa wala mashuka. Tumtafutie kinyago cha ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana kuanzia chini hadi juu, wazee, akina mama na watoto. Tukachanga. Kazi ya kununua nikapewa mimi.

Muuzaji nilimpata Instagram. Picha zake zilikuwa nzuri kweli, na kila moja imeandikwa "mpingo halisi kutoka Kilwa". Akaniambia ana karakana Mwenge, Dar, kimebaki kimoja tu cha futi mbili, na kuna mzungu anakitaka jioni hiyo hiyo. Bei 380,000, nauli ya basi mpaka Dodoma juu yangu. Nikatuma hela yote kabla mzigo haujapakiwa.

Kilifika usiku wa kuamkia sherehe, kimefungwa kwenye magazeti na nailoni, cheusi tii, kinang'aa. Kesho yake baba mkubwa alikipokea kwa mikono miwili. Nilimwona akikinyanyua kidogo, akakishusha, akakinyanyua tena. Akatabasamu, akapiga picha na wajukuu, hakusema neno. Wageni walipoondoka akaniita barazani. "Mwanangu, mpingo haunyanyuki hivi." Kwenye kanzu yake nyeupe, pale kifuani alipokikumbatia, palikuwa na mchirizi mweusi. Mzee alikuwa amejua tangu mwanzo, akanyamaza ili tusiaibike mbele ya watu.

Haikupita wiki mbili, kinyago kikapasuka kuanzia shingo ya mzee wa katikati hadi chini. Ndani ya ufa, mbao nyeupe kama muhogo mkavu.

Nilipokwenda Dar nikakibeba mpaka kwa fundi mmoja wa Mwenge. Kabla hata ya kutazama sura, alikipindua juu chini, akakwaruza kitako kwa ncha ya kisu. Mkwaruzo mmoja tu, weupe ukatoka. Kisha akanionyesha jambo lililoniuma zaidi: watu watatu wa juu walikuwa kipande kingine, kimeunganishwa kwa gundi, na kiungo kimezibwa kwa unga wa mbao na kupakwa rangi. Ujamaa huchongwa kwenye gogo moja. Mtindo huu unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, na maana yake yote iko hapo: hakuna anayeweza kutolewa kwenye nguzo bila kuwakata wenzake. Sisi tuliuziwa ujamaa wa gundi.

Fundi akaleta cha kwake chenye urefu ule ule tukapima. Chake kilo saba kasoro. Chetu hakikufika tatu.

Sasa niwaambie nilichojifunza pale, maana wengi tunadanganywa na weusi. Mpingo mzuri si lazima uwe mweusi kote. Kiini chake ni cheusi chenye kahawia au zambarau kwa mbali, na pembeni, karibu na gamba, una ukanda mwembamba mweupe wa njano njano. Mafundi wengi huuacha ukanda huo uonekane. Mnunuzi asiyejua huuona kama kasoro, akakimbilia kile kilicho cheusi mwanzo mwisho, kumbe ndicho kilichopakwa dawa ya viatu. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitiwa kwenye ndoo ya maji kinazama. Mti huu huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kukomaa, na ni huo huo unaotafutwa na watengenezaji wa klarineti na zumari za nje, ndiyo maana bei ya kutupa inapaswa kukutia shaka.

Msimhukumu fundi, hata hivyo, kwa sababu tu kitambaa kimetoka na weusi kidogo. Hata mafundi wa kweli hung'arisha kazi kwa nta au dawa ya viatu. Cha kuangalia ni uzito na kitako. Kama mnanunua kwa mbali, mwambieni muuzaji apige simu ya video, akipindue kinyago, akwaruze kitako mkiwa mnaona, kisha akiweke kwenye mizani. Mwenye mpingo atafanya bila kinyongo. Huyu wangu, nilipomwomba video kabla ya kulipa, alisema simu yake kamera mbovu. Simu iliyopiga picha zote zile!

Na zile picha hazikuwa zake. Fundi wa Mwenge aliitambua kazi ya mwenzake, mzee anayechonga tangu ujana, ambaye hana hata akaunti ya mtandaoni. Kwa hiyo mzee huyo anaibiwa mara mbili: wateja wake wanachukuliwa kwa picha za kazi yake, halafu wakishatapeliwa wanaapa kutonunua tena kinyago cha Mmakonde. Shangazi yangu mmoja ameshasema hivyo, na sijui nimjibu nini.

Muuzaji nilimpigia mara tatu. Ya kwanza akasema hali ya hewa ya Dodoma ndiyo imekiharibu. Ya pili akakata. Ya tatu nikakuta nimeshazuiwa. Ukurasa umebadilishwa jina, ila picha ni zile zile, na sasa anauza pia vinyago vya mapiko, zile barakoa za ngoma za Kimakonde, anavyoviita "vya kale", vimepakwa masizi na udongo. Namba zake nimezituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na risiti za muamala nimezipeleka polisi. Aliyewahi kulipia kile kinyago cha futi mbili chenye mama aliyebeba mtungi pale juu kabisa, naomba anitafute, tuunganishe ushahidi.