Chancenkarte ya Ujerumani: inamfaa nani?

Chancenkarte ("kadi ya fursa") ni kibali cha kwenda Ujerumani kutafuta kazi ukiwa huko huko, bila mkataba wa kazi mkononi. Ilianza Juni 2024. Tukiipima kama huduma, ni nzuri kwa mwenye shahada na akiba, ngumu kwa fundi asiye na fedha, na haifai kwa muuguzi. Uuguzi unadai cheti kitambuliwe kikamilifu kabla ya kazi, kwa hiyo muuguzi aanze na utambuzi huo moja kwa moja.

Mwenye shahada aanzie Anabin, kanzidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje. Chuo kikiwa H+ (kinatambuliwa), na shahada yenyewe ikiwa imeandikwa "entspricht" (inalingana) au "gleichwertig" (ni sawa), hahitaji kuhesabu pointi hata moja. Wengi huona H+ wakaridhika, kumbe shahada yao haijaorodheshwa. Hapo huombwa tathmini ya ZAB, ofisi ya Ujerumani inayopima vyeti vya nje, kwa euro 208, na ni heri kuiomba mapema kabla ya kushika miadi ya ubalozi.

Wale ambao cheti chao hakijatambuliwa kikamilifu Ujerumani wanahitaji shahada au mafunzo ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali yao, Kijerumani A1 (ngazi ya chini kabisa) au Kiingereza B2 (ngazi ya juu ya kati), na pointi 6. Chukua fundi umeme wa miaka 30: umri unampa 2, uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 iliyopita 3, Kijerumani A2 kinampa 1. Amefika. Lakini uzoefu unaohesabiwa ni wa fani ile ile, tena wa baada ya kuhitimu. Miaka ya kujifunzia kazi gereji kabla ya cheti haiingii.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Kwa 2025 Ujerumani ilitaka uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka, kwa kawaida kwenye Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayotoa fungu moja kila mwezi. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na hii inasaidia sana.

Wakenya wajihadhari zaidi. Mkataba wa uhamiaji na ajira kati ya Kenya na Ujerumani wa Septemba 2024 hauna idadi ya nafasi za kazi zilizotengwa, kwa hiyo wakala anayekuuzia "nafasi ya mkataba" anakuibia.

Kibali ni cha mwaka mmoja tu, muda mfupi mno kwa mwenye A1. Fika na B1. Ukipata ofa ya kazi ya fani yako, omba kibali cha kazi au nyongeza kabla tarehe ya kwenye kadi haijapita.