Majani ya kupuliza kwa mashine: uzoefu wangu hapa Iyumbu, Dodoma

Kama kiwanja chako ni kikubwa, kina mteremko, na una uhakika wa maji kwa wiki tatu mfululizo, huduma hii ya kupuliziwa mbegu za majani kwa mashine inafaa na mimi ningeilipia tena. Kama maji yako ni ya kuvizia bomba usiku wa manane, usiiguse kwanza. Panda ukoka kwa vipandikizi kama wengine, hela nyingine nunua tanki.

Nyumba yetu iko upande wa Iyumbu, na mbele yake kuna eneo la kama mita za mraba 200 linaloshuka kuelekea getini. Wenye nyumba mpya Dodoma wanaujua udongo huu mwekundu wenye kichanga. Kiangazi upepo unauingiza sebuleni, unaufuta asubuhi na jioni umerudi. Mvua nayo, ambayo kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600, inamwagika karibu yote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo, na kila ikipita inaondoka na udongo wa mtu. Kwa hiyo majani kwetu hayakuwa urembo. Nilitaka ardhi ishikwe.

Vipandikizi nilivifikiria. Ni rahisi na fundi bustani yeyote anaweza, lakini kwenye mteremko vinaacha nafasi wazi kwa miezi kadhaa, na mvua kubwa inapita humo humo. Mikeka ya majani yaliyokwisha kuota inapendeza siku ile ile, ila bei yake ni ya juu kuliko zote na ikisafirishwa mbali kwenye jua inafika imenyauka. Kupuliza kukawa katikati kwa bei: juu ya vipandikizi, chini ya mikeka.

Jina lake la kitaalamu ni haidrosidingi. Ilianzia Connecticut, Marekani, miaka ya 1950, watu wa barabara walipotafuta namna ya kuotesha majani kwenye kingo kali ambazo mtu hawezi kusimama na reki. Ndani ya tanki la mashine wanachanganya maji, mbegu, mbolea ya kupandia, nyuzi laini za mbao au karatasi, na gundi ya mimea. Mafundi waliokuja kwangu waliuita mchanganyiko huo uji, na kweli ni uji, wa kijani. Rangi ile ni ya kuongezwa tu, ili anayeshika mpira aone alikopita na alikoruka. Nyuzi zinakaa juu ya mbegu kama matandazo, zinatunza unyevu na kuwaficha njiwa chakula, na gundi inazuia vyote visiteleze na maji.

Sifa yangu ya kwanza kwa kampuni hii, ambayo sitaitaja, ni kwamba walikataa kupuliza walipofika mara ya kwanza. Walikuta kifusi cha ujenzi chini ya udongo wa juu na ardhi ngumu iliyokanyagwa na malori ya tofali. Wakasema, "Mama, mbegu haioti kwenye sakafu." Kifusi kikatolewa, ardhi ikachimbuliwa mpaka kina cha sentimita 15 hivi, ikachanganywa na samadi iliyooza vizuri, ikasawazishwa kwa reki. Baada ya hapo wakaniambia nimwagilie ardhi tupu. Mume wangu aliona ni kupoteza maji, lakini shabaha ilikuwa kuamsha magugu yaliyolala humo. Mbigili na ndago zilichomoza kwa wingi wa kutisha, zikang'olewa kabla mbegu zetu hazijaja. Hatua hii usiruke hata ukiwa na haraka. Uji haubagui: maji na mbolea unayoyapa majani, ndago nayo inakula hapo hapo.

Sasa mbegu. Sisi tulipuliziwa ukoka wa mbegu, kwa sababu unavumilia ukame na jua letu. Lakini fahamu kwamba si majani yote yana mbegu. Tifway, ukoka laini wa viwanja vya mpira uliotolewa Georgia mwaka 1960, ni chotara usiotoa mbegu inayoota. Unapandwa kwa vipande vyake tu. Paspalamu nyingi, aina nyingine ya majani ya bustani, nazo hupandwa kwa vipande. Kwa hiyo mtu akikuahidi kukupulizia mbegu za Tifway, mwambie akuonyeshe mfuko. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dodoma, uliza mapema: ukoka mkubwa unavumilia chumvi kiasi, miche yake michanga ni dhaifu zaidi.

Wakati wa kupuliza tulibishana kidogo. Wao walikuwa na nafasi Julai. Mimi sikukubali, na nafurahi sikukubali. Usiku wa Juni na Julai hapa ni baridi na ukoka unataka udongo wa joto ili uote. Halafu kuna upepo unaokausha kila kitu. Kusubiri Januari nako ni kuingia kwenye mvua za kusomba, na gundi inahitaji angalau siku nzima ya kukauka kabla ya mvua kubwa. Tukachagua Novemba. Joto lipo, mvua haijaanza, na Desemba mbingu inatusaidia kazi ya kumwagilia.

Kupuliza kwenyewe kulikwisha kabla ya mchana, sina mengi ya kusema, isipokuwa ukuta ulichafuka kijani chini na ulisafishika kwa maji. Bibi jirani, Mgogo wa hapa hapa, alisimama getini akasema "Mbukwa," tukasalimiana, kisha akauliza kwa nini tumepaka ardhi rangi. Nilipomweleza alikwenda moja kwa moja kufungia kuku wake, na aliwafungia mpaka majani yalipokomaa. Namshukuru sana.

Maji ndiyo habari yenyewe, na ndipo wengi watashindwa. Mbegu ikishanyonya maji ikaanza kuvimba, ikikauka imekufa, haikusubiri. Kwa jua la Novemba ilibidi tunyunyize mara nne kwa siku, kidogo kidogo, kwa kichwa cha bomba chenye matundu madogo ili uji usichimbike. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ukitoa milimita mbili kwenye mita 200 ni lita 400, mara nne ni lita 1,600 kwa siku. Simtanki la lita 2,000 linabaki na lita 400 tu siku hiyo hiyo, na familia haijaoga. Mgao ulipotukuta tuliita boza, na gharama ya maboza haikuwa kwenye makadirio niliyopewa. Hapo nawalaumu. Mteja wa Dodoma anapaswa kuambiwa hesabu hii kabla ya kulipa malipo ya awali, si kupewa karatasi inayosema "mwagilia mara kwa mara".

Vichipukizi vilionekana ndani ya wiki ya kwanza kwenye jua kali, na wiki ya pili sehemu kubwa ilikuwa na kijani cha kweli. Baada ya wiki ya tatu tulipunguza mara za kumwagilia tukaongeza kiasi, ili mizizi ishuke chini. Majani yalipopita sentimita 6 tuliyakata kwa mara ya kwanza, tukiondoa theluthi ya juu tu.

Mvua za kwanza kubwa zikaja. Mteremko ulishika! Udongo uliokuwa ukiishia getini ulibaki mahali pake, na hilo peke yake kwangu linatosha kulipia kazi. Palipochimbika ni pale maji ya bati yanapodondokea, kwa kuwa gata hatujafunga. Hapo hakuna gundi ya kuzuia.

Kasoro nyingine mbili. Pembeni mwa ukuta walipuliza kwa wepesi mno, pakabaki mapengo, na iligharimu simu nyingi mpaka wakarudi kurudia. Pia waliniahidi "bustani kamili ndani ya mwezi". Mwezi unakupa kijani cha kutazama kwa mbali. Watoto kuchezea mpira bila kung'oa miche ilichukua kama miezi mitatu. Kwa hiyo mkataba uandikwe: aina ya mbegu, nani anatayarisha udongo, na mapengo yatarudiwa lini na kwa gharama ya nani.

Chini ya mwarobaini hapakuota kitu cha maana, maana ukoka haupendi kivuli. Walitaka kupuliza tena kwa malipo, nikakataa. Hapo tumetandaza kokoto na kuweka benchi.