Elfu 45 kwa mkataba wa mtu wa kukanda unga

Nina bekari ya uani hapa Kihonda, Morogoro: oveni moja ya gesi, mikate, skonzi, na keki za oda. Miaka minne nimefanya kazi na vijana wa mapatano ya mdomo. Wa mwisho aliniaga kwa kutokuja, siku tatu kabla ya Idi, daftari la oda limejaa. Safari hii nikasema karatasi kwanza, mtu baadaye. Shoga yangu akanielekeza kwenye steshenari moja mjini, si mbali na Soko la Chifu Kingalu, wanakoandika barua na mikataba. Jina lao sitalitaja, mtaona kwa nini.

Bei ni shilingi 45,000: mkataba, tangazo la kazi na maelezo ya vitu vya kuandaa. Nilidhani nitapewa fomu, nijaze jina, nitoke. Wapi! Binti aliyenihudumia alivuta kiti akaanza kunihoji mimi, utadhani ndiye ninayeomba kazi. Ataanza saa ngapi? Saa tisa usiku. Atatoka? Saa saba mchana. Siku ngapi kwa wiki? Nikacheka, nikamwambia mkate hauna Jumapili.

"Mama, hapo umeshapita," akasema.

Akanipigia hesabu. Sheria ya ajira ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na 9 kwa siku. Za kwangu zilikuwa 70. Tukazishusha: saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi, saa moja ya kupumzika katikati, Jumatatu asije. Skonzi za mchana nitachoma mwenyewe. Halafu akanistua na jingine: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila saa ina nyongeza ya asilimia 5. Nikajiona nimekwisha. Kumbe kwa mshahara wa 240,000 nyongeza yenyewe haifiki elfu tano kwa mwezi.

Kilichonifaa kuliko vyote hakikuwa hata kwenye mkataba. Aliniandikia kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya kufutia: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, nusu yangu nusu yake, yaani 24,000 kila mmoja. WCF, mfuko wa fidia kwa anayeumia kazini, nusu asilimia, 1,200, na hiyo ni ya mwajiri peke yake, kijana hakatwi. PAYE, kodi ya mshahara, hakuna kwa sababu mshahara haujavuka 270,000. Kwa hiyo mtu wa 240,000 ananigharimu zaidi ya 265,000, nami miaka yote nimekuwa nikipanga bei ya skonzi kwa kuangalia unga, sukari na gesi tu. Karatasi hiyo nimeibandika juu ya oveni.

Sasa lawama. Waliniambia njoo kesho, nikaupata mkataba siku ya tano. Kipengele cha saba kinasema mwajiriwa atahakikisha gari limeoshwa na atakabidhi funguo kila jioni. Gari gani tena, jamani? Walichukua mkataba wa dereva wakabadilisha jina. Mzee wa kaunta nilipomwonyesha akawa mkali, eti hayo ni maneno ya kawaida ya mikataba, na kuchapa upya akanitoza 500 kwa kila ukurasa. Kosa lao, pesa yangu. Na tangazo ndilo lilinichosha kabisa: wanataka mwenye cheti, uzoefu wa miaka mitano na Kiingereza fasaha. Kukanda unga!

Nikaliandika mwenyewe, mstari mmoja: "Anatakiwa mtu wa kukanda unga, awe anaweza kuamka saa nane usiku." Nikalibandika kwenye duka ninalonunulia unga, wakapiga simu 11. Wawili niliwapa kilo mbili mbili wakande. Mmoja alimimina maji kwa kukadiria, mwingine akauliza mizani iko wapi. Huyo wa mizani ataanza Jumanne, akishapima afya, maana anashika chakula.

Binti nampa nyota tano. Mzee na mashine yake ya kuchapa, mbili.

Kijana nilimwachia mkataba akausome nyumbani. Akarudi na swali moja: likizo hizi siku 28, Jumapili zinahesabiwa? Sikuwa na jibu. Nikampigia yule binti, akasema ndiyo, ni siku za kufululiza, na sikukuu zimo humohumo. Hakunidai hata mia.